Besi ya Mzee Makongoro

Nyasho, Musoma
3 Juni 2025

Shikamoo Mwalimu Stanslaus,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na wanakwaya wote wa kigango cha Mugango. Umesema simu za kupapasa huziwezi na meseji huzisomi, kwa hiyo nimetii. Nimeandika kwa kalamu, na flashi nimeibandika kwa selotepu chini ya karatasi hii. Mama Rhobi akimaliza kuuza samaki wake hapa sokoni atarudi nayo huko, na ameniapia ataiweka mbali na ndoo.

Nyimbo zote nne zimekamilika. Nimekaa nazo siku tisa.

Siku ile nilipokuja kuwarekodi, kila mtu aliniuliza kuhusu hedifoni yangu nyeusi. Dada mmoja wa sauti ya kwanza alitaka kujua kama masikio yangu yanaona baridi. Basi waambie ni hedifoni ya studio, ile ya kufunga. Vikombe vyake vinafunika sikio lote: cha nje hakiingii na cha ndani hakitoki. Baba yangu, mzee Muzamil, anachomelea mageti ukuta wa pili kutoka studio yangu, na akiwasha grainda mtaa mzima unajua. Mimi nikivaa hedifoni, grainda hakuna. Namsikia Grace wenu anavyovuta pumzi kabla ya kuanza wimbo. Ndiyo maana kazi hii nakukabidhi bila wasiwasi. Nimerekodi bendi Bunda, kaswida hapa mjini na harusi mbili Butiama, ila kazi safi kama hii sijawahi kuitoa.

Jubilei yenu ni tarehe 13 Julai, kwa hiyo tuko mapema. Sikilizeni, mkiridhika nianze kutoa nakala.

Wako mtiifu,
Raya Muzamil


Mugango
9 Juni 2025

Binti yangu Raya,

Marahaba. Flashi imefika, inanuka sato kidogo lakini inasoma. Mwandiko wako ni mzuri, na anayekusifia ni mwalimu mstaafu wa darasa la tatu, kwa hiyo ipokee sifa hiyo.

Jana baada ya misa ya Pentekoste, Emanuel, kijana wetu wa kinanda, alichomeka flashi kwenye spika ya kanisa. Waumini wote walibaki. Sauti ya kwanza imetoka kama maji ya kisima. Ya pili nzuri. Teno nzuri. Mama mmoja alilia, ingawa huyo hulia hata kwenye matangazo.

Sasa nikuulize: besi yangu iko wapi? Wimbo wa kwanza nilidhani imechelewa kuingia. Wa pili nikamwambia Emanuel aongeze sauti, akaongeza, akina mama wakazidi na wazee wakazidi kutokuwepo. Katikati ya wimbo wa tatu Makongoro, kiongozi wa besi, alisimama akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Mbuzi wake aliwauza mwaka jana.

Uelewe ninachokuomba. Kwaya hii tuliianza watu sita, mwaka 1987. Wanne tumewazika tukiwaimbia wenyewe. Nimebaki mimi, ninayenyoosha kijiti, na Makongoro, ambaye ana miaka sabini na sita. Hatujawahi kurekodiwa hata mara moja. Jubilei hii ya miaka hamsini ya kigango ikipita bila sauti yake kwenye hizo nyimbo, ndiyo basi, hatutapata nafasi nyingine. Wajukuu watasikia kwaya ya Mugango na hawatajua kama alikuwepo.

Miaka thelathini na nane nafundisha. Besi naijua hata ikikohoa. Nirudishie mzee wangu.

Mwalimu Stanslaus


Nyasho, Musoma
11 Juni 2025

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa.

Kwa heshima zote, besi ipo. Nimeisikia tena leo asubuhi, mzee kwa mzee. Kilichokosea ni spika yenu. Ile ni honi ya kutangazia msiba, na sauti nene haipiti mle hata ukiisukuma. Ukinihukumu kwa spika ile unanionea.

Baba yangu husema fundi anayebishana bila kipimo ni mpiga domo. Basi nakutumia kipimo chenyewe. Kwenye boksi hili kuna hedifoni yangu. Sijawahi kumwazima mtu, hata mdogo wangu wa tumbo moja. Ichomeke kwenye redio ya Emanuel, ile inayosoma flashi. Uvue kofia. Ufunike masikio yote mawili, siyo moja kama ma-DJ wa harusini. Halafu utulie.

Kwenye flashi hii mpya nimeweka vitu viwili. Kwanza nyimbo zilizokamilika. Pili, ile maikrofoni niliyowasimamishia wazee peke yao: nimekutolea ghafi yake, vile ilivyotoka siku ile bila mkono wangu. Hapo utaona mwenyewe kama nimemtoa mtu.

Bila hedifoni sifanyi kazi, kwa hiyo naomba Mama Rhobi airudishe akija Jumatatu.

Raya


Mugango
15 Juni 2025

Binti Raya,

Hedifoni nairudisha, nimeifunga kwenye kanga ya mke wangu isipate mkwaruzo. Kanga utairudisha.

Besi ipo. Umeshinda.

Hiyo ghafi ya wazee, huko kwako wameisikia wangapi? Naomba unijibu hilo kwanza. Na naomba kazi uisimamishe. Usitoe nakala yoyote mpaka nikuandikie.

Mwalimu Stanslaus


Nyasho, Musoma
18 Juni 2025

Shikamoo Mwalimu,

Umeniandikia barua fupi kuliko risiti. Kanga nimeifua na ninairudisha. Ghafi hajaisikia mtu. Hata mimi nilisikiliza sehemu za nyimbo tu, nilipozihitaji. Kwa nini unauliza?

Nimejiambia Mwalimu amenikasirikia, na nimejua sababu, kwa hiyo acha niseme mwenyewe kabla hujaniambia.

Ulipokuwa na hedifoni yangu sikuwa na kazi. Nikachukua nyimbo zenu nikazipiga kwenye redio ya mgahawa wa Bi Safina. Besi haipo. Nikazipiga kwenye simu ya mama. Haipo. Nikazipeleka kwa baba kwenye redio yake ya karakana, akazima grainda, akasikiliza wimbo mzima, akasema, "Hawa watu wanaimba vizuri lakini wanaelea, hawana chini." Baba yangu muziki haujui, ila geti lisilo na msingi analijua.

Mwalimu, spika yenu ilikuwa inasema kweli. Hedifoni ya kufunga inakibana kile kinene ndani ya kikombe, kinajaa sikioni kuliko kilivyo. Mimi nikasikia besi imejaa, nikaipunguza. Nikapunguza tena. Kwenye kichwa changu wazee walikuwepo, na nje ya kichwa changu hawakuwepo. Nilikujibu kwa jeuri ilhali wewe ulikuwa sahihi. Naomba radhi, wewe na Mzee Makongoro.

Makosa haya nayaweza kuyarekebisha na nimeshaanza. Sasa hivi kila nikimaliza wimbo naupeleka kwa Bi Safina kabla sijajisifu. Usiniondolee kazi.

Raya


Mugango
21 Juni 2025

Binti yangu Raya,

Marahaba. Mimi sikukasirika, binti. Nilikuwa na aibu, na mtu mzima mwenye aibu huandika barua fupi. Kaa chini nikueleze.

Jumamosi ile mazoezini nilitoa hedifoni kwenye boksi mbele ya kwaya nzima, watu thelathini. Kila mmoja alitaka kuvaa. Nikasema tufuate desturi, mkubwa kwanza. Makongoro akavua kofia, nikamvalisha mimi mwenyewe. Nikamchagulia ile ghafi ya wazee ili ajisikie vizuri.

Akafumba macho. Punde akaanza kuifuata sauti yake, akaimba. Aliimba wimbo mzima, besi peke yake, kwa nguvu zote, maana masikio yamezibwa na hajui kama anasikika. Sisi hatukusikia wimbo, tulimsikia yeye tu. Sauti ilikuwa inatetemeka, Raya, lakini ilikuwa inatembea mahali pake. Vijana waliokuwa wanacheka waliacha kucheka. Mimi nilitaka kulia.

Wimbo ukaisha, naye akaendelea kusikiliza. Nikaona uso unabadilika. Akafumbua macho, akanitazama muda mrefu. Kisha akaivua hedifoni, akarudisha nyuma kidogo pale kwenye redio, akanipa kwa mikono miwili akasema, "Mwalimu, zamu yako."

Nikavaa. Ule wimbo ulipokwisha, maikrofoni yako ilikuwa bado wazi. Nikasikia karatasi zinakunjwa, kisha Makongoro anamnong'oneza jirani yake, Masatu. Maneno yenyewe nayajua kwa moyo. "Nikimaliza jubilei naacha kwaya. Ameniweka nyuma ya kinanda na amemwambia kijana akikandamize kwa mkono wa kushoto, ule wa besi, kinizibe. Anadhanigi sioni. Usimwambie Mwalimu, ataumia."

Nikasema "Mungu wangu" nikidhani nimeisemea moyoni. Grace ameniambia walinisikia mpaka nje.

Hedifoni yako kweli haivujishi. Watu thelathini walikuwa wanatuangalia nyuso, mimi na yeye, na hawakuambulia neno. Wakataka zamu zao. Nikawaambia betri imekwisha. Nimesema uongo ndani ya kigango, na redio ilikuwa bado inawaka.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia padri. Alichosema Makongoro ni kweli. Sauti yake ilianza kutetemeka mwaka jana, baada ya Kwaresima. Nilishindwa kumwambia. Ni kama kaka yangu yule, ndiye aliyenishika mkono siku namzika baba. Nikaona heri nimsogeze nyuma kidogo, na kinanda kifunike, asijue, na watu wasijue. Nilijiita mwenye huruma. Halafu nikakuandikia wewe barua ndefu ya kudai besi yangu iko wapi, na wa kwanza kuizika ni mimi. Nyani haoni, na mwisho wake unaujua, mimi ni mwalimu wa kwaya siwezi kuumalizia.

Tangu siku hiyo nimekwenda kwake mara tatu. Mara zote tumeongea habari za mihogo. Yeye haulizi, mimi sisemi. Jana alinisindikiza mpaka njia panda na bado sikusema. Ndiyo maana nimesimamisha kazi. Sijui kama nina haki ya kutoa nyimbo za mtu niliyemficha.

Wewe ni mtoto, lakini unalo sikio. Niambie unasikia nini.

Mwalimu Stanslaus


Nyasho, Musoma
24 Juni 2025

Shikamoo Mwalimu,

Kosa la kwanza ni langu. Fundi husikiliza anachotoa mpaka mwisho kabla hajakikabidhi, na mimi kwa hasira ya kukuonyesha sikufanya hivyo. Yale maneno nimeyafuta kwenye kompyuta yangu bila kuyasikiliza. Kama mnayataka, yako kwenye flashi yenu, ni mali ya wazee wawili.

Umeniuliza nasikia nini. Jana nilichukua wimbo wa pili, nikakizima kinanda chote, nikapandisha ile maikrofoni ya wazee. Nikasikiliza kwa hedifoni, kisha kwa Bi Safina, kisha kwa baba. Sauti ya Mzee Makongoro inatetemeka, hilo hata mtoto atalisikia. Lakini nimeipima, Mwalimu, na mashine ninayo: haijatoka kwenye noti hata mara moja. Teno wako wawili wametoka, tena vijana wenye nguvu zao. Sitawataja kwenye barua. Kwa Bi Safina wateja waliacha kula. Mmoja aliuliza huyo mzee ni nani. Hakuuliza kwaya ni ipi, aliuliza mzee.

Kwa hiyo kiufundi nina uhakika, na uhakika huu nimeupima kwenye redio tatu: wimbo huu una chini, na chini yenyewe ni yeye. Kinanda kinaharibu. Nataka kuja Jumamosi tarehe 28 nirekodi upya nyimbo zote nne bila kinanda, Mzee Makongoro akiwa mbele kabisa. Emanuel nimeshamwandikia kikaratasi, anasema yeye mkono wa kushoto ulikuwa unamuuma.

Lakini sitakuja kwa ruhusa yako. Nitakuja kwa ruhusa ya Mzee Makongoro. Na hataitoa kama bado mnaongea habari za mihogo.

Nisamehe kwa nitakalosema sasa. Nilipokuwa najifunza kuchomelea, kabla sijaingia kwenye muziki, baba alikuwa akiikagua kazi yangu akikuta kosa ananifokea mbele ya wateja. Nilikuwa nalia. Siku moja nilichomelea vibaya, akanyamaza, akairudia mwenyewe nilipokwenda kula. Siku hiyo ndiyo nilijua ameshaamua mimi si fundi. Nikaacha. Kufokewa kulikuwa kunaniuma, kunyamaziwa ndiko kulikonitoa karakana.

Sina la kuongeza. Nangoja neno kwa Mama Rhobi, hata akija nalo kwa mdomo.

Raya


Mugango
16 Julai 2025

Kwako Raya binti Muzamil,

Salamu sana. Anayekuandikia ni mimi Makongoro. Mwandiko utaniwia radhi, miaka mingi nilikuwaga nashika jembe na nyavu, kalamu nashikaga siku ya kupiga kura.

Mwalimu amekuambia jubilei imepita na nyimbo zako zimepigwa, na baba askofu alisimama. Hayo ameshaandika yeye, anapenda kuandika. Mimi naandika kukupa yale hajakuambia, kwa sababu amenionyesha barua zako zote na nimeona wewe ni mtu wa kusikia.

Ile Ijumaa, kesho yake wewe unakuja, hatukuwa tumekutumia neno lolote na wewe ulikuwa hujui uje au usije. Mwalimu alifika kwangu asubuhi. Nikajua anakuja na mihogo tena. Hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Makongoro, sauti yako inatetemeka. Mwaka mzima nimekuficha. Nimekukosea." Alisema haraka kama mtu anameza dawa.

Nikamwambia najua inatetemeka. Koo ni langu. Ilianza kutetemeka mama Nyabise alipofariki, mke wangu, nikawa naogopa ile beti ya mwisho ya wimbo tuliomzika nao. Nilijua yeye anasikia, maana Stanslaus anasikiaga mbu akipita kwenye teno. Nikawa nangoja aniambie. Jumamosi ya kwanza hakusema. Ya pili hakusema. Ya tatu akanipeleka nyuma ya kinanda akaniambia huko kuna upepo mzuri.

Nikamwambia hivi, na wewe nakuandikia vilevile: miaka thelathini na saba ulikuwa unaniambia nikikosea. Ulinifokea mpaka siku ya harusi yangu mwenyewe, nikiimba niko na suti. Siku uliyoacha kuniambia ndiyo siku nilijua nimezeeka. Kutetemeka hakukunizeesha.

Akaketi sasa. Tulilia wote wawili, wazee wazima, saa nne asubuhi, mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. Ndipo tukamtuma Mama Rhobi akupigie simu uje.

Hilo dude lako la masikio uliponivalisha Jumamosi, nilisikia wote mara moja, kila mtu mahali pake, na mimi katikati. Sijawahi kujisikia niko katikati yao hivyo. Umri huu wote nimeimba nao na nilikuwa nasikia jirani tu. Nakuombea mema kwa Mungu wako na wangu.

Nilimwambia Masatu nitaacha baada ya jubilei. Neno la mtu mzima halirudi nyuma kirahisi, kwa hiyo Jumatatu nilikaa nyumbani kama mtu aliyeacha. Jumanne yalikuwa mazoezi. Saa kumi nikasikia wanaanza, maana kigango kiko karibu. Nikavaa viatu.

Mwalimu aliniona naingia, hakusema karibu, hakusema lolote. Nikasimama mbele, mahali pangu. Tukaanza ule wimbo wa pili. Tulipofika beti ya tatu akagonga kijiti kwenye meza, kwaya nzima ikanyamaza. Akanielekezea mimi kidole mbele ya wasichana wote wa sauti ya kwanza. Akasema, "Makongoro, umechelewa kuingia. Unalala?"

Ni kweli nilikuwa nimechelewa. Tulirudia tangu mwanzo.

Ni mimi,
Makongoro, besi